Komeo Lilikuwa Upande Wangu

Mwezi uliopita nilimwita fundi aje kunishonea upya makochi. Akaja na gunia lake, akalifungua sebuleni bila hata kuuliza, akaanza kutoa mabunda ya katani ya kujazia. Harufu ile ninyi mliokulia Korogwe mnaijua, ya majani makavu na vumbi, na uchachu kidogo unaobaki kooni. Nikasimama. Nikamwambia, "Fundi, toa hayo makatani nje. Sasa hivi."

Akashtuka. "Pole mama, kumbe una pumu? Ungesema mapema."

Sina pumu, sijawahi kuwa nayo. Nikamwacha aamini hivyo, akahamia uani na gunia lake, mimi nikaenda jikoni nikafoka na sufuria. Nina umri wa kuwa na wajukuu, lakini harufu ya katani bado inaweza kunifukuza ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nimeamua kuliandika jambo hili mara moja, liishe. Au lisiishe, basi, lakini liwe nje.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimetoka kufanya mtihani wa darasa la saba. Tulikuwa tukiishi Kwedizinga, baba, mama, bibi mzaa mama, na mimi. Baba alikuwa mkata mkonge huko Korogwe mpaka shamba lilipofungwa, wakaambiwa kila mtu arudi kwao. Akarudi na shati lake la kazi na kimya kirefu, akaanza kulima mahindi kwenye ardhi iliyokuwa ikingoja mvua kama sisi tulivyokuwa tukiingoja.

Wa rika langu mnazikumbuka siku zile. Mambo yalikuwa yamefunguliwa. Sabuni tuliyokuwa tukiipanga foleni sasa imejaa dukani, nguo za mitumba zinamwagwa chini sokoni watu wanachagua, redio kila nyumba yenye uwezo. Lakini na mengine nayo yalifunguka. Zahanati uliyokuwa ukiingia na kadi tu, sasa unaambiwa uje na sindano yako, uje na glavu zako, dawa utaandikiwa ukanunue. Na mama yangu alianza kuvimba miguu wakati wa palizi, katikati ya mambo hayo. Mwanzo ilikuwa jioni tu, asubuhi imepungua. Kisha ikawa haipungui. Kisha akawa hawezi kulala chali, analala amekaa, ameegemea ukuta, na pumzi yake tunaisikia kutoka uani.

"Ni moyo," alisema mganga wa zahanati. "Mpelekeni hospitali kubwa." Akasema hivyo kama anayetuelekeza kisimani. Baba akaitikia "sawa," akambeba mama kwa baiskeli kumrudisha nyumbani.

Katika miezi hiyohiyo ndipo nilipowekwa ndani. Kwetu Wazigua msichana akivunja ungo anawekwa ndani, anakuwa mwali, hatoki mpaka atolewe. Bibi aliniingiza chumbani kwake kwa mkono wake, akaniketisha kwenye mkeka, akanipa masharti. Mwali haongei kwa sauti. Mwali haitiki akiitwa kutoka nje. Aliyekuingiza ndiye atakayekutoa, hakuna mwingine.

Nikamuuliza, "Hata nyumba ikiwaka moto, bibi?"

"Ikiwaka nitakuja mimi kukutoa. Kwani mimi nitakuwa nimekwenda wapi?"

Siku ya tano nikasikia sauti ya mama dirishani, sauti yake kabisa, na kule kuhema kwake. "Mwanangu, toka uje ule, bibi yako kaenda shamba." Nikatoka mbio. Kumbe ni binamu yangu Hadija, hodari wa kuigiza watu, na wasichana wenzake wanne wameshikana mbavu. Ulikuwa mchezo wao wa kumjaribu mwali. Walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi aliporudi hakucheka. Aliniingiza tena kwa mkono, akasema siku zote nilizokaa zimefutika, tunaanza upya. Nililia kwa hasira hadi macho yakavimba. Nikajiapiza kwamba kamwe, kamwe, hakuna sauti ya nyuma ya mlango itakayonidanganya tena.

Nilikuwa nimetolewa ndani kama mwezi hivi barua ya kambi ilipofika shuleni. Wageni wa shirika moja la nje walikuwa wanakusanya watoto waliofanya vizuri Handeni na Korogwe, mmoja kila shule, wiki mbili, kuwafundisha mambo ya anga na mafunzo wanayofanya wanaanga kabla ya kurushwa. Mwalimu mkuu akanichagua mimi. Kijiji kizima kikaelewa kwamba ninakwenda kurushwa.

"Huko juu unaendea nini?" bibi akauliza. "Hapa chini umeshamaliza?"

Vijana wa dukani nao, "Dada, ukifika tumulikie, tuna giza huku!" Mama peke yake hakutania. Alinivuta karibu, mkono wake wa moto, akasema, "Nenda. Ukapewe chochote wanachotoa, usikatae." Nikaona amechoka sana hata kwa maneno hayo. Nikasema nibaki nimchotee maji. Akasema, "Maji yatachotwa. Nenda."

Baba alinipeleka. Kambi ilikuwa ndani ya shamba la mkonge lilelile alilofanyia kazi, maana shirika lilikuwa limekodi majengo matupu. Alipita akiyatazama maghala. Getini aliniwekea mkono kichwani, akasema, "Mama, uwe na adabu."

Hapa niseme jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa. Jina langu ni la mama yake baba. Nilipewa nilipozaliwa, na kwa sababu hiyo baba hakulitamka hata siku moja. Mtu hamwiti mama yake jina. Aliniita "mama," akinibembeleza ni mama, akinigombeza ni mama, siku aliyonichapa kwa kumwaga uji alinichapa na kusema "mama, sikia!" Katika miaka kumi na mitatu sikuwa nimelisikia jina langu kinywani mwake.

Kambini tulikuwa watoto kumi na wawili. Mkubwa wa pale alikuwa msichana wa Kizungu mrefu, anacheka upesi, tulimwita Dada Karin. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo alikuwepo Mwalimu Mhina, mwalimu wa sekondari mstaafu, kututafsiria. Mimi nililala kitanda kimoja na Zaina wa Bungu, mtoto wa milimani, mnene, mcheshi, hajui njaa wala vumbi. Siku ya kwanza aliponiona naoga kwa kikombe kimoja cha maji akaita wenzake waje kutazama. "Jamani, huyu keshakuwa mwanaanga tayari!"

Na kweli, mengi yalinijia kwa urahisi. Walituzungusha kwenye kiti cha chuma mpaka dunia ikapinduka, Zaina akatapika viazi vyote. Walitulisha ugali uliosagwa na maharage ndani ya mfuko wa nailoni uliotobolewa pembe, tunafyonza, watoto wa mjini wanaona kinyaa. Tulipimiwa maji ya kunywa. Tulibebeshwa mifuko ya mchanga. Walitufundisha kwamba huko juu hakuna juu wala chini, kwamba chozi halidondoki, linabaki jichoni. Hilo nililifikiria mara nyingi. Zaina alinishinda kwenye hesabu na michoro, nikamshinda kwenye kuvumilia, lakini kwa alama za jumla alikuwa mbele yangu, na ubaoni ilionekana.

Siku ya nne au ya tano Dada Karin alituonyesha picha za wanaanga wamesimama na wake zao na watoto. Mmoja wetu akauliza, je, mtu akiwa huko, nyumbani wanaishije? Dada Karin akaeleza, Mwalimu Mhina akatafsiri: mwanaanga akichaguliwa, familia yake inatunzwa. Hawakosi kitu, wana daktari wao.

Nikanyoosha mkono. "Hata mama yake kama anaumwa moyo?"

Mwalimu akamtafsiria. Dada Karin akacheka kwa upole, akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake: "Ndiyo! Hata mama!"

Kisha akatangaza la mwisho. Mwishoni mwa kambi atapatikana mshindi mmoja, "huyo ndiye mwanaanga wetu." Mwalimu Mhina aliongeza kwamba mshindi atalipiwa masomo ya sekondari mpaka amalize, na watoto wakapiga makofi. Sekondari! Miaka ile waliochaguliwa walikuwa wa kuhesabika, na ada imerudi. Lakini mimi sikusikia sekondari. Nilikuwa nimesikia daktari. Nilimwona mama yangu anashushwa kwenye gari jeupe, analazwa kitandani kwenye shuka, analala chali. Ndicho nilichokitaka, mama yangu alale chali. Kuanzia siku ile sikucheza tena na mtu. Zaina alikuwa ananichekesha nami namtazama kama adui, maskini, na hakujua amenikosea nini.

Jaribio la mwisho lilikuwa la upweke. Ndani ya ghala kuu kulikuwa na vyumba vidogo vya mbao ambamo zamani walihifadhi katani iliyopangwa kwa madaraja. Waliziba madirisha kwa nailoni nyeusi. Kila mtoto chumba chake, ndoo, chupa ya maji, na kofia ya karatasi ngumu waliyotutengenezea. Mlango una komeo kwa ndani. "Ukichoka fungua utoke, hakuna kosa," alisema Dada Karin. "Lakini atakayekaa mpaka mimi mwenyewe nirudi nigonge mara tatu, ndiye mshindi. Wote wakitoka, tutachukua alama za ubaoni." Akatuonya pia. Akasema wanaanga wakifungiwa hivi huanza kusikia sauti, sauti za nyumbani, za watu wanaowapenda, na ni akili inawachezea. Kazi yao ni kutozifuata.

Aliniingiza kwa mkono wake mwenyewe. Nikasikia miguu yake inaondoka, kisha gari lake likiwashwa. Alikuwa anakwenda Tanga kuchukua vyeti vyetu, arudi jioni.

Nikafunga komeo. Nikakaa chini kwenye zile nyuzi zilizobaki, nikanusa. Ilikuwa harufu ya shati la kazi la baba. Wallahi sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa najua kazi hii kuliko watoto wote wa Handeni na Korogwe. Kukaa, kunyamaza, kutoitika, kungoja aliyeniingiza. Nilikuwa nimetoka kuifanya mwezi uliopita. Niliwahurumia wenzangu.

Haukupita muda mrefu mmoja akapiga kelele kwamba kuna panya, akatoka. Wakafuata wengine, mlango mmoja baada ya mwingine. Baadaye kabisa nikasikia komeo la chumba cha pili, na sauti ya Zaina: "Mie basi! Nina njaa, mtaniua bure!" Nikatabasamu gizani. Nimebaki mimi. Nivumilie tu mpaka jioni, mama atapata daktari.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Joto lilikuwa limezidi, nadhani ni baada ya adhuhuri. Nikasikia viatu, na Mwalimu Mhina akagonga. Si mara tatu. Aligonga ovyo.

"Binti, fungua. Baba yako amekuja. Mama yako amezidiwa, anakuulizia. Toka upesi, gari la Handeni linaondoka."

Nilianza kusimama. Niseme ukweli, miguu yangu ilianza kusimama yenyewe. Kisha nikamkumbuka Hadija dirishani. Nikamkumbuka Dada Karin. Watasikia sauti za nyumbani. Ndiyo hii! Ndiyo hii yenyewe, na wameipanga vizuri, wamejua mama anaumwa kwa sababu nilimuuliza lile swali mbele ya watu. Nikakaa.

Kisha nikasikia sauti ya baba. Akaniita. Akaniita kwa jina langu.

Akalitaja lote, jina la mama yake, mara moja, halafu mara ya pili. Na mimi humo ndani nilikaribia kucheka. Nikasema moyoni, mmekosea hapo. Mngemuuliza mtu wa kwetu. Baba yangu hawezi kuniita hivyo hata akiwa anakata roho. Yeyote aliyepo hapo nje, ameigiza sauti vizuri sana, lakini si baba.

"Toka," ile sauti ikasema. "Toka, mwanangu. Mama yako hana siku."

Nikaziba masikio. Nilikuwa nimebanwa na kikohozi kwa sababu ya vumbi, nikajizuia, kikanishinda, nikakohoa. Nje kukawa kimya. Kisha akaletwa Zaina. "Wee, toka bwana, si mchezo huu! Baba yako kweli, nimemwona, kavaa kanzu ya bluu! Analia!" Nami nikawaza, wewe ndiye hasa unayetaka nitoke, nikitoka ubao ni wako. Ndivyo nilivyomwaza Zaina, ambaye hakuwa na chembe ya hila mwilini mwake.

Walinong'ona. Nikasikia Mwalimu Mhina akisema jambo kwa sauti ya juu kidogo, na ile sauti ya baba ikimjibu kwa chini. Kisha miguu ikaondoka. Nilijisikia mshindi. Mungu anisamehe, nilikaa gizani na kofia yangu ya karatasi, nimejaa furaha, nikapanga nitakavyomsimulia mama jinsi walivyojaribu kunidanganya na sikudanganyika. Nilipanga hata mahali ambapo angecheka.

Dada Karin alirudi jioni. Mara tatu, taratibu. Nikafungua. Watoto walikuwa wamejipanga mistari miwili, wakapiga makofi, yeye akaninyanyua juu. Nikamwambia hapohapo, kabla hajaniweka chini, "Daktari wa mama anakwenda lini?"

Hakuelewa. Akamgeukia Mwalimu Mhina. Mwalimu hakuwa akipiga makofi. Alikuwa amesimama kando, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Daktari gani, binti?"

"Wa mama. Nimeshinda. Si mlisema?"

Nikaona uso wa yule mzee ukivunjika. Alinishika bega, akachuchumaa, akaniambia polepole. Yule alikuwa baba. Alikuja kweli. Amenisubiri mpaka gari lilipopiga honi ya mwisho. Hakuna daktari, hakujawahi kuwa na daktari, ni wa huko kwao, wa wanaanga wa kweli. Nilichoshinda ni shule.

Nilipiga kelele ambayo Zaina alikuja kuniambia baadaye kwamba bado anaisikia. Nilimpiga Dada Karin kwa ngumi tumboni, naye aliniacha nimpige. Nilitaka kuondoka kwa miguu. Taa za gari zilikuwa mbovu, wakasema tutaondoka kukipambazuka, na Zaina akanikumbatia kwa nguvu zake zote ili nisikimbie.

Tulifika Kwedizinga jua limepanda. Wanaume walikuwa wanarudi njiani na majembe mabegani, wanatembea bila kuongea. Gari likasimama kuwapisha. Baba alikuwa katikati yao, kanzu ya bluu, magoti yana udongo mwekundu. Aliniona kwenye kioo. Hakusimama. Alipita.

Nyumbani wanawake wakaangua kilio upya waliponiona. Bibi alikuwa chini, amefunga kichwa. Akaniuliza swali moja, "Ulikuwa wapi, alipokwenda baba yako?"

"Ndani, bibi."

"Nani alikuingiza?"

"Yule mzungu. Nilikuwa namngoja anitoe."

Bibi alinitazama. Kisha akajipiga kinywa kwa kiganja, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka wanawake wakamshika mkono. Tangu siku ile hakumweka mwali yeyote ndani. Wakija kumwomba, anasema amesahau masharti.

Baba hakunisema. Ndilo lililonitesa. Ningepata kofi ningeponea hapo. Shirika lilitimiza ahadi yake, nikaenda sekondari, kila likizo narudi namkuta amepungua, ananiita "mama" kama zamani, ananiuliza masomo. Hatukulizungumza. Nilimwona kama mtu aliyefunga hasira yake vizuri na kuiweka juu ya dari, nikawa naishi chini ya hiyo dari. Nikasoma. Nikasoma kwa ukali ambao walimu waliusifu, wasijue ni nini. Nikawa mwalimu wa fizikia, nikajenga hapa Korogwe, na baba alipozeeka nikamleta akae nami.

Mwaka jana alianza kuvimba miguu. Hospitali nilimpeleka, bila shaka nilimpeleka, mara nyingi, na dawa alikuwa nazo. Ila umri nao. Asubuhi moja nilikuwa namnywesha uji kitandani, akaanza mwenyewe tu, bila kuulizwa.

"Siku ile kule ghalani," akasema, "nilikusikia."

Nikashusha kijiko.

"Ulikohoa. Nilijua unasikia, ila huamini. Mwalimu akaniambia, nenda kalete nondo, tuvunje. Nikamuuliza, tukivunja je? Akasema, hapo atakuwa ametoka, amekosa, shule itakwenda kwa yule mtoto wa Bungu. Nikasema basi mwache."

"Baba."

"Nilisema mimi. Mwache. Mwalimu alinibishia sana. Akaniambia, mzee, ni mama yake. Nikamwambia najua."

Akahema. Uji ulikuwa mkononi mwangu na sikujua niuweke wapi. Miaka yote ile nilidhani nimebeba jambo langu peke yangu. Nilidhani komeo lilikuwa upande wangu tu.

"Nilipofika nyumbani mama yako akaniuliza yuko wapi," baba akaendelea. "Nikamdanganya. Nikasema anakuja na gari la nyuma. Akasema basi asiondolewe pale alipokuwa ameegemea, apate kukuona ukiingia. Mlango usirudishwe. Tukauacha wazi. Kila mtu akipita nje, yeye anainua kichwa. Bibi yako akataka kumwambia ukweli, nikamtolea macho. Akangoja hivyo mpaka magharibi."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia, nani alikupa ruhusa ya kuchagua, nani alikwambia nilitaka shule, mimi nilikuwa namtafutia mama daktari! Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Na papo hapo nikakiona chumba tulichomo, kitanda nilichomnunulia, dawa zake zimepangwa kwenye meza, vitabu vyangu ukutani, madirisha ya vioo, na binti yangu uani anavaa sare ya shule.

Baba alikuwa ananitazama usoni, macho yake ya kizee yana maji.

"Sasa niambie wewe uliyesoma," akasema. "Ningevunja?"

Nilifungua mdomo. Ile "ndiyo" ilikuwa pale pale, kwenye ulimi, neno dogo, na nilikuwa nimelibeba tangu utoto nikidhani nikipata wa kumwambia nitalisema bila kusita. Akaningoja. Aliningoja muda mrefu sana, mkono wake juu ya shuka.

Nikamwambia, "Baba, uji unapoa."

Akaupokea, akaunywa wote, na hakuniuliza tena mpaka tukamzika.